Biolojia, biokemia, fisiolojia au uuguzi: uchague shahada ipi ukilenga kazi ya afya?

Kijana akisema anataka kuwa daktari, jibu analopewa haraka ni "kasome biolojia." Nami niliambiwa hivyo, na kwa miaka niliyosimamia mazoezi ya maabara chuoni nimewasikia wazazi na walimu wakiwaambia watoto wao vivyo hivyo. Ni ushauri wenye nia njema, ila umeishia njiani. Biolojia ya chuo kikuu si darasa la maandalizi la udaktari. Ni fani inayojitegemea, yenye ukungu wake, minyoo yake, misitu yake na hesabu zake, na mwili wa binadamu ni sura moja tu ndani yake. Anayeingia akitarajia kusoma magonjwa tangu wiki ya kwanza hukuta anachora mzunguko wa maisha ya jongoo wa baharini, na wapo waliokata tamaa kabla muhula haujafika katikati.

Hapa nalinganisha njia nne zinazopitwa zaidi na wanaoitaka sekta ya afya: biolojia yenyewe, biokemia, fisiolojia ya binadamu, na shahada za taaluma, yaani uuguzi na sayansi ya maabara ya tiba. Msimamo wangu nautanguliza ili usiutafute: swali la kuamulia si "ipi itanipeleka udaktari," kwa sababu zote zinaweza. Swali ni "udaktari usipopatikana, nitakuwa nimeshika nini mkononi?"

Mlango wa udaktari uko wapi

Kabla ya kulinganisha masomo, jua unakusudia kusomea udaktari katika mfumo gani, kwa kuwa hapo ushauri wote hugeuka.

Uingereza, India na nchi nyingi za Afrika, mwanafunzi huingia kitivo cha tiba moja kwa moja kutoka sekondari. India, shahada ya udaktari ni miaka minne na nusu ya masomo, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Uingereza ni miaka mitano au sita. Katika mfumo huu, mwenye alama za kuingia tiba hana sababu ya kupitia biolojia kwanza. Atakuwa anazunguka mlima wenye njia iliyonyooka. Biolojia hapo ni njia ya pili, ya yule aliyekosa nafasi mara ya kwanza au aliyechelewa kujua anachotaka. Uingereza ina kozi za udaktari kwa wenye shahada tayari, na kwa kawaida huchukua miaka minne.

Marekani mambo ni kinyume. Huko udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza: miaka minne ya chuo, kisha minne ya tiba, kisha miaka kadhaa ya mafunzo ya ubingwa. Kitivo cha tiba cha Johns Hopkins, kilichofunguliwa mwaka 1893, kilidai shahada ya kwanza wakati ambapo vyuo vingi vya tiba nchini humo vilimpokea karibu yeyote mwenye ada. Mwaka 1910 mwelimishaji Abraham Flexner alitoa ripoti iliyovikosoa vikali vyuo hivyo na kusisitiza msingi wa sayansi kabla ya tiba. Ndipo biolojia, kemia na fizikia zikawa lango.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba lango hilo linadai masomo, halidai jina la shahada. Vyuo vya tiba vya Marekani hutaka uwe umesoma biolojia, kemia ya jumla, kemia ya kaboni na fizikia pamoja na maabara zake, na vingi sasa vinataka biokemia. Ukitimiza hayo, shahada yako inaweza kuwa ya historia au muziki. Zaidi ya nusu ya waombaji hutoka kwenye sayansi za biolojia, lakini waliosoma hisabati, fizikia au fasihi hawaachwi nyuma katika kukubaliwa. Wanaosoma biolojia kwa kudhani jina lake litawapendelea wanajidanganya, na ni heri waambiwe mapema.

Mtihani wa kuingilia huko, MCAT, unaonyesha hali hiyo. Una sehemu nne: kemia na fizikia ya viumbe hai, biolojia na biokemia, saikolojia na sosholojia, na uchambuzi wa matini. Alama huanzia 472 hadi 528. Sehemu ya saikolojia na sosholojia iliingizwa mwaka 2015, na mwanafunzi wa biolojia asiyechukua masomo hayo kwa hiari hukutana nayo akiwa mgeni kabisa.

Ugonjwa mmoja, meza nne

Majina ya shahada hayasemi mengi. Ili uone tofauti, chukua ugonjwa mmoja uufuate kutoka darasa hadi darasa. Nachagua selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda seli nyekundu za damu, kwa kuwa sijaona ugonjwa mwingine unaofundishwa kila mahali, na kila mahali ukawa na sura yake.

Kwenye darasa la biolojia, selimundu ni swali la urithi na mageuzi. Wazazi wawili wenye jeni moja ya selimundu kila mmoja wana uwezekano wa asilimia 25, kwa kila mimba, kupata mtoto mgonjwa. Kisha linakuja swali zito zaidi: jeni inayoua watoto imewezaje kudumu katika vizazi vyote hivyo? Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kwamba mwenye jeni moja tu ana kinga dhidi ya malaria kali. Hapo mwanafunzi wa biolojia huelewa kwamba jeni haina ubaya wala uzuri wa peke yake. Mazingira ndiyo huamua. Sijawahi kuona darasa likibaki vile lilivyokuwa baada ya mada hiyo. Anayeielewa vizuri hataona ajabu baadaye atakapoambiwa kuhusu usugu wa bakteria kwa dawa, kwa maana kanuni ni ile ile.

Hamia biokemia. Hapa jamii za watu hazizungumzwi, inazungumzwa molekuli. Mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, una asidi amino 146, yaani vipande vinavyojenga protini, na katika selimundu imebadilika moja tu: penye asidi ya glutamiki, nafasi ya sita, pamekaa valini. Glutamiki hupenda maji, valini huyakimbia. Himoglobini inapoachia oksijeni, ile valini hujishikiza kwenye molekuli jirani, nyingine hujishikiza tena, na nyuzi ndefu zikaisukuma seli hadi ikapinda. Linus Pauling, mkemia, na wenzake ndio walioiita mwaka 1949 ugonjwa wa molekuli. Mwanafunzi wa biokemia ataulizwa kwa nini badiliko hilo halileti shida oksijeni ikiwa nyingi, na itambidi ajibu kwa nguvu za kemikali, si kwa hadithi. Asiyependa kemia hukonda hapa. Anayeipenda huona kwamba famasia yote imefunguka mbele yake.

Darasa la fisiolojia linachukua seli ile iliyopinda na kuuliza inafanya nini mwilini. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya selimundu huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana uboho hufanya kazi usiku na mchana na bado damu inapungua. Angalia figo. Sehemu yake ya ndani ina oksijeni kidogo, hivyo seli hupinda hapo na kuziba mishipa midogo. Figo ikishaumia hupoteza uwezo wa kubana mkojo, maji yanapotea, damu inakuwa nzito, na seli zinazidi kupinda. Huo ni mduara mbaya, na fisiolojia ni taaluma ya kuijua miduara ya namna hiyo. Kati ya shahada za sayansi tupu, ndiyo inayofanana zaidi na mwaka wa kwanza wa tiba. Upungufu wake ni upana: akiulizwa juu ya virusi, mimea ya dawa au wadudu wanaoeneza magonjwa, mwanafunzi wake anaweza kuwa hajui zaidi ya alichosoma sekondari.

Sasa njoo maabara ya tiba, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tofauti ya mikono inapoonekana. Unaweka tone la damu kwenye kioo, unaongeza tone la sodiamu metabaisalfaiti ya asilimia 2, unafunika kwa kioo chembamba na kuziba kingo zote kwa nta au vaselini. Dawa ile inaondoa oksijeni. Kingo zimezibwa ili nyingine isiingie kutoka hewani. Baada ya nusu saa au zaidi unatazama kwa hadubini, na zile seli zilizokuwa mviringo zimechongoka kama mundu. Mwanafunzi wa biolojia hulifanya zoezi hili mara moja, akashangilia, akaandika ripoti. Mwanafunzi wa maabara ya tiba hulirudia hadi mkono uzoee, kisha hufundishwa mambo mawili yanayolinda watu: kwamba kipimo hiki hakitofautishi mgonjwa na mbebaji wa jeni moja, hivyo lazima himoglobini zitenganishwe kwa umeme, na kwamba mtoto mchanga anaweza kuonekana hana tatizo ilhali analo, kwa kuwa bado ana himoglobini nyingi ya utotoni. Jibu lake linaingia kwenye faili la mtu. Hilo humlea mtu kwa namna ambayo ripoti ya darasani haiwezi.

Na wodini, muuguzi mwanafunzi anamkuta mgonjwa mwenyewe, amejikunja kwa maumivu ya mifupa. Hapigi hesabu za jeni. Anapima kiwango cha maumivu, anahakikisha dawa ya maumivu inafika kwa wakati, anafuatilia maji na oksijeni, anarudi kumpima tena. Pia anamsikiliza, kwa sababu mgonjwa wa selimundu mara nyingi haaminiwi anaposema anaumwa. Shahada ya uuguzi humkutanisha mwanafunzi na wagonjwa mapema, wakati mwenzake wa biolojia anaweza kuhitimu bila kumgusa mgonjwa hata mmoja.

Alama na uzito wa masomo

Watu huniuliza ipi ni rahisi. Sipendi swali hilo, ila lina maana kwa mwenye kuhitaji wastani wa juu ili achaguliwe udaktari. Biolojia inachosha kwa wingi: majina, mizunguko, makundi ya viumbe. Biokemia ina kurasa chache lakini kila ukurasa unakudai. Fisiolojia iko katikati. Uuguzi unachosha mwili, maana baada ya zamu ya wodini bado kuna mtihani wa famakolojia kesho yake. Mtu hupata alama nzuri penye kitu anachokipenda kiasi cha kukirudia bila kusukumwa, na kwa hiyo mwenye moyo wa kemia atafanya vizuri zaidi kwenye biokemia "ngumu" kuliko kwenye biolojia "rahisi."

Ila kuna mtego mmoja kwa wauguzi. Anayetaka kuhama kutoka uuguzi kwenda udaktari katika mfumo wa Marekani hukuta kemia aliyosoma ilikuwa kozi fupi ya wanataaluma wa afya, na kemia ya kaboni na fizikia hakuzisoma kabisa. Itambidi arudi darasani kuzichukua. Si kikwazo cha kufa, ni miezi na ada, na aliyejua mapema huziingiza kidogo kidogo akiwa bado chuoni.

Mlango usipofunguka

Hapa ndipo nawaomba wanafunzi wakae kimya na kufikiri, kwa sababu nimewaona wenye akili nzuri wakihitimu na kubaki wamesimama.

Mhitimu wa uuguzi au maabara ya tiba, akimaliza taratibu za usajili wa nchi yake, ana taaluma. Anaweza kufanya kazi, akajisomesha, akaomba udaktari baadaye au asiombe. Mhitimu wa biolojia hana leseni ya kumhudumia mgonjwa. Ana elimu pana na uwezo wa kutafuta jibu, lakini karibu kila kazi ya kliniki itamdai hatua nyingine: famasia, udaktari wa meno, tiba ya mifugo, fiziotherapia, ushauri wa jeni, afya ya jamii. Marekani ziko kozi za haraka za uuguzi, za takriban miezi 12 hadi 18, kwa wenye shahada za fani nyingine, na wahitimu wengi wa biolojia hupitia huko. Ni njia ya heshima. Ninachosikitikia ni mtu kuigundua baada ya miaka mitatu ya kuomba udaktari na kukataliwa, wakati angeweza kuijua tangu mwaka wa pili.

Jihadhari pia na majina yanayofanana. Shahada inayoitwa sayansi ya biotiba inaweza kuwa taaluma yenye leseni mahali pamoja na sayansi ya jumla mahali pengine. Uingereza, jina la mwanasayansi wa biotiba linalindwa kisheria: ili usajiliwe unahitaji shahada iliyoidhinishwa na chombo cha taaluma hiyo pamoja na mafunzo katika maabara ya hospitali. Vyuo viwili vinaweza kutoa shahada zenye jina lile lile, moja ikakufikisha kwenye usajili na nyingine ikakudai masomo ya nyongeza. Mwanafunzi mmoja niliyemfahamu aliligundua hilo siku ya kujaza fomu ya usajili, shahada ikiwa imeshatundikwa ukutani kwao.

Upande wa pili wa mizani, biolojia ina nguvu ambayo shahada za taaluma hazina: inafungua milango ambayo haijapewa jina bado. Katalin Karikó alisoma biolojia katika Chuo Kikuu cha Szeged, Hungaria, akaendelea hadi shahada ya uzamivu katika biokemia. Hakuwa daktari wa wagonjwa. Drew Weissman alianzia biokemia, kisha akachukua udaktari pamoja na uzamivu. Walikutana Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kwenye mashine ya kunakilia karatasi, wakaanza kufanya kazi pamoja, na mwaka 2005 wakachapisha ugunduzi wa namna ya kubadili mRNA, molekuli inayobeba maagizo ya kutengeneza protini, ili mwili usiishambulie. Chanjo za mRNA za UVIKO-19 zilijengwa juu ya kazi hiyo, na mwaka 2023 walipewa Tuzo ya Nobel ya Fisiolojia au Tiba. Mmoja alikuwa na leseni ya udaktari, mwingine hakuwa nayo, na kazi ilihitaji wote wawili.

Hata selimundu tuliyoizungumza imefika huko. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza inayohariri jeni kwa CRISPR, zana ya kukata na kubadili jeni, na selimundu ilikuwa miongoni mwa magonjwa ya kwanza. CRISPR haikutoka hospitalini. Ilitoka kwa watu waliokuwa wakichunguza vijidudu, miongoni mwao Francisco Mojica wa Hispania, aliyekuwa akisoma viumbe vidogo vya maji ya chumvi. Huo ndio utajiri wa biolojia, nao haupimwi kwa kuangalia ni nani amepata kazi mwaka wa kwanza.

Ningekushauri nini

Kama unavutwa na mtu aliye kitandani, na kila ukiwaza kazi yako unajiona ukizungumza naye, nenda uuguzi, au udaktari wenyewe kama mfumo wako unaruhusu kuingia moja kwa moja. Usipitie biolojia kwa kudhani ni salama zaidi. Kwako wewe siyo.

Kama unapenda kipimo, mashine na jibu lisilo na shaka, sayansi ya maabara ya tiba ina kazi ya maana na haitajwi vya kutosha. Madaktari hutegemea majibu ya watu ambao wagonjwa hawatawaona kamwe.

Biokemia ni ya anayetaka kujua kwa nini hadi chini kabisa, na pia ni chaguo zuri kwa anayewaza famasia au utafiti wa dawa. Fisiolojia namshauri yule aliyeamua kabisa kwamba ni mwili wa binadamu tu, hana haja na konokono, ila ajiongezee takwimu na mikrobiolojia.

Na biolojia? Isomwe na anayeipenda biolojia. Ninasema hivyo kwa moyo wote. Kama chura, kuvu na msitu vinakugusa kama moyo na figo vinavyokugusa, utafaidi kila muhula, utapata alama, na utaingia udaktari ukiwa na jicho ambalo wenzako hawana: utaona mbu, mto na jeni nyuma ya mgonjwa mmoja. Chukua saikolojia, chukua takwimu, jitolee kituo cha afya ujue kama harufu ya wodi unaivumilia. Lakini kama kwako biolojia ni benchi la kusubiria jina lako liitwe, miaka ya benchi hilo ni mirefu na mitihani yake haina huruma.

Kabla hujajaza fomu, omba orodha ya masomo ya mwaka wa tatu, si ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza shahada hizi zinafanana kama mapacha. Mwaka wa tatu zimeshaachana. Hesabu saa za maabara, hesabu saa za mgonjwa. Kisha uliza ofisi ya udahili swali moja, na jibu upewe kwa maandishi: nikimaliza hapa, ni bodi ipi ya usajili itanipokea, na ni mtihani gani utakaobaki mbele yangu?